Dian Fossey na Uzito wa Jina

Nilipokuwa mtoto, katika shamba letu la mahindi nje kidogo ya mji wa Kitale, hapakuwa na kazi niliyoichukia kama ile ya kuwinga kima. Mahindi yalipoanza kukomaa tulipangiwa zamu, tukaketi juu ya kichuguu na rundo la mawe tangu alfajiri. Wezi wetu walikuwa wengi, lakini mmoja tu ndiye tuliyempa jina. Huyo ni kima mwenye paji la rangi ya chungwa na ndevu ndefu nyeupe, tuliyemwita kalasinga. Wengine tuliwarushia mawe bila kuwaza. Kalasinga naye tulimrushia, ila mkono ulisita kidogo.

Siku hizi nafundisha isimu mjini Bungoma, na kila nifikapo kwenye somo la ngeli na majina ya pekee, fikra zangu humrudia mwanamke mmoja Mmarekani aliyeuawa milimani huko Rwanda mwaka 1985. Nionavyo mimi, maisha yake yana funzo kwetu sisi tunaoishi chini ya Mlima Elgon, funzo la heri na la onyo pia.

Dian Fossey alizaliwa San Francisco tarehe 16 Januari 1932. Wazazi wake walitengana angali mdogo. Hakusomea wanyama, shahada aliyoipata mwaka 1954 ilihusu tiba ya kuwazoesha wagonjwa kazi za mikono, na kwa miaka kadhaa aliwahudumia watoto walemavu katika hospitali moja ya Louisville, jimbo la Kentucky. Mwaka 1963 alikopa pesa benki akaja Afrika kwa safari ya wiki saba. Huko Olduvai alikutana na Louis Leakey, yule mwana wa Kabete aliyeutumia umri wake kuchimbua mabaki ya binadamu wa kale. Kisha akafika Kabara, nchini Kongo, ambako Alan na Joan Root, wapiga picha waliokuwa wakiishi Kenya, walimwonyesha gorila wa milimani kwa mara ya kwanza.

Miaka mitatu baadaye Leakey alipita Louisville kutoa mhadhara. Alikuwa akitafuta mtu wa kuwachunguza gorila kwa miaka mingi, kama Jane Goodall alivyokuwa akiwachunguza sokwe wa Gombe. Alimwambia Fossey kwamba ingefaa kwanza atolewe kidole tumbo, maana huko aendako hakuna daktari. Fossey akaenda akapasuliwa. Baadaye Leakey alimwandikia kwamba hilo halikuwa lazima hata kidogo. Alitaka tu kuupima moyo wake.

Alianza kazi Kabara Januari 1967. Haukupita mwaka. Mwezi Julai vita vilizuka mashariki mwa Kongo, wanajeshi wakamteremsha mlimani na kumzuia, naye akaponyoka hadi Uganda. Mtu mwingine angerudi kwao. Fossey alivuka mpaka akaingia Rwanda, na tarehe 24 Septemba 1967 akapiga hema upande wa pili wa milima ile ile, takriban mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kambi hiyo aliiita Karisoke, jina aliloliunga kutokana na milima miwili iliyoizunguka, Karisimbi na Visoke.

Mbinu yake ilikuwa subira. Alitambaa kwenye matope na viwavi, akajikuna kama wao, akatafuna majani kama wao, akaiga sauti zao za kuridhika. Mwaka 1970 dume mmoja aliyeitwa Peanuts alinyoosha mkono na kuugusa wake. Aliwatambua mmoja mmoja kwa mikunjo ya pua, ambayo haifanani kwa gorila wawili, mfano wa alama za vidole vyetu. Utafiti huo ulimpatia shahada ya uzamifu ya Chuo Kikuu cha Cambridge.

Hapa ndipo mwanaisimu anapotega sikio. Fossey hakutumia nambari kuwataja gorila wake. Aliwapa majina, na mengi aliyatoa katika Kiswahili, lugha aliyozungumza na wafanyakazi wake: Rafiki, Simba, Shinda, Kweli. Jike mmoja mwenye macho makubwa alimwita Macho. Sasa msomaji na alitazame neno hilo. Macho ya kawaida hufumba, yakafumbuka, yakalia. Lakini Macho wa Karisoke alizaa, alinyonyesha, alikufa. Neno limehama ngeli. Limetoka katika kundi la vitu na viungo vya mwili likaingia katika kundi la wenye uhai, wale ambao kufa kwao ni msiba. Sarufi yetu hairuhusu kumtaja kwa jina aliye hai kisha kumhesabu kama kitu.

Na msiba haukukawia. Tarehe 31 Desemba 1977 majangili walimuua Digit, dume aliyekuwa kipenzi chake, kwa mikuki, wakamkata kichwa na mikono. Julai 1978 waliuawa Uncle Bert na Macho. Kweli, mtoto wa Macho, aliponea chupuchupu akiwa na jeraha la risasi, lakini naye alikufa baada ya miezi michache. Fossey aliutangazia ulimwengu kifo cha Digit kwa jina lake, na watu wa mbali ambao hawakuwahi kuona gorila waliomboleza wakatoa michango. Mfuko wa Digit ulianzishwa mwaka 1978, nao ndio uliokuja kuitwa kwa jina la Fossey mwenyewe. Sidhani kama nambari ingeliliza dunia.

Lakini haki ya kuitwa kwa jina hakuigawa sawasawa. Wengi wa wale aliowaita majangili walikuwa maskini waliotega vitanzi kwa ajili ya paa na pongo, na gorila wakanaswa bila kukusudiwa. Wachungaji waliingiza ng'ombe hifadhini kwa kukosa malisho, kwani mwishoni mwa miaka ya 1960 karibu hekta 10,000 za hifadhi hiyo zilikatwa ili ilimwe pareto, zao tulijualo vyema katika nyanda za juu za Kenya. Fossey alivunja mitego kwa maelfu, na katika hilo hakukosea. Lakini pia aliwafyatulia risasi ng'ombe, alichoma mali za watu, aliwapiga mateka kwa majani yawashayo, na aliwahi kumchukua mtoto wa jangili ili kumlazimisha baba yake. Jirani zake walimwita Nyiramacibiri, jina lielezwalo kuwa na maana ya mwanamke aishiye peke yake mlimani. Nalisoma jina hilo kama uamuzi wa majirani: umekaa nasi, lakini hukuishi nasi.

Mwaka 1980 aliondoka kwenda Marekani kufundisha na kuandika, na kitabu chake kuhusu gorila hao kikatoka mwaka 1983. Alirudi Karisoke akiwa na afya mbovu na maadui wengi. Usiku wa tarehe 26 Desemba 1985 aliuawa kwa panga ndani ya nyumba yake. Mtafiti Mmarekani alihukumiwa na mahakama ya Rwanda ilhali amekwisha kuondoka nchini. Mfanyakazi wake wa zamani, Emmanuel Rwelekana, alishtakiwa akafia gerezani. Hadi leo wengi hawaamini kwamba ukweli umejulikana. Alizikwa katika makaburi aliyowachimbia gorila, kando ya Digit.

Je, alishinda au alishindwa? Hesabu ya mwaka 1981 iliwapata gorila 254 katika milima ya Virunga. Iliyotangazwa mwaka 2018 iliwapata 604, na pamoja na wale wa Bwindi nchini Uganda walizidi 1,000. Bila ukaidi wake huenda pasingebaki wa kuhesabiwa. Hata hivyo, walioziba pengo hilo walitumia njia aliyoipinga, yaani utalii, na tangu mwaka 2005 Rwanda imezigawia jamii zinazopakana na hifadhi sehemu ya mapato, ambayo sasa ni asilimia 10. Mwaka huo huo ilianza sherehe ya kuwapa majina watoto wa gorila hadharani, iitwayo Kwita Izina. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani: ni kuita jina. Alichokifanya Fossey katika upweke wa ukungu, sasa wananchi hukifanya pamoja, kama wafanyavyo kwa watoto wao.

Turudi nyumbani. Kalasinga wangali wapo katika Hifadhi ya Taifa ya Saiwa, karibu na Kitale, iliyoanzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, ambayo eneo lake halifiki kilomita tatu za mraba. Mashamba yameizunguka pande zote. Mlimani, mnamo Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kuwa ardhi ya Chepkitale, iliyotangazwa hifadhi mwaka 2000, ni ya jamii ya Waogiek. Kwa miaka yote hiyo ramani zilijaa majina ya wanyama wanaolindwa, huku watu walioishi nao wakiitwa wavamizi.

Tusimcheke Fossey wala tusimtukuze. Alituonyesha kwamba mnyama mwenye jina ni vigumu kuuawa kimya kimya. Ninachoomba ni kwamba afisa anayeandika ripoti ya kima aliyepigwa mawe kule Saiwa aandike pia jina la mkulima na idadi ya magunia aliyoyapoteza. Wote wawili wamo katika ngeli moja.