Rumanyika, Jirani Aliyejali Wageni

Ndugu wana-Ngara na wana-Biharamulo, mwaka huu tumkumbuke Rumanyika, mkama wa Karagwe, mwana wa Ndagara na tajiri wa ng'ombe. Alipogombea kiti na nduguye Rogero, Musa, mfanyabiashara wa Tabora, alimsaidia. Fadhila hiyo hakuisahau.

Mwaka 1861 Speke na Grant walipitia kwetu Rusubi, na mtawala wetu Suwarora akawatoza hongo nzito. Rumanyika hakuwatoza, aliagiza walishwe njiani kwa gharama yake. Wanawe waliwinda na Speke. Grant alipougua mguu, alitunzwa huko hadi 1862.

Leo hifadhi ya taifa ina jina lake. Mimi mhasibu nasema: alichotoa ndicho kilichobaki. Tuchangie.