Robert Williams, mwenye kuuza mukuba wa Katanga kwa vipande

Asubuhi, mbele wachimbaji wa Kolwezi hawajashuka bado mu mashimo, kuko watu wa mbali wenye kuamka na kuangalia kwanza bei. Wako Toronto, Hong Kong, Shanghai ao London. Hawajafika hata siku moja Lualaba. Lakini wana hisa, ile wengi kwetu wanaita aksio, za kampuni zenye kuchimba hapa. Kamoa-Kakula iko na hisa zake Toronto kupitia Ivanhoe. Tenke Fungurume iko Hong Kong na Shanghai kupitia CMOC. KCC ya Kolwezi iko London kupitia Glencore. Habari ndogo ikitoka Lualaba, mvua kubwa, mgomo ao umeme kukatika, wale watu wanaanza kubishana: tuuze ao tushike?

Mchezo huu si wa leo. Ulianza zaidi ya miaka 120 iliyopita, na mwenye kuuanza kwa upande wa Katanga anaitwa Robert Williams.

Kijana wa Aberdeen

Williams alizaliwa mwaka wa 1860 huko Aberdeen, inchi ya Scotland. Hakuwa mtoto wa watu wakubwa. Alijifunza kazi ya mashini, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 akapanda meli kwenda Afrika ya Kusini, juu watu wote walikuwa wanakimbilia almasi ya Kimberley. Kule akajuana na Cecil Rhodes, yule Mwingereza aliyetaka reli itoke Cape Town paka Cairo. Rhodes alikuwa mwenye feza na nguvu. Williams alikuwa mwenye kujua mashini na mawe. Wakapendana kikazi, na Rhodes akawa anamtuma kutafuta madini upande wa kaskazini.

Mu mwezi wa kwanza 1899, Williams akafungua kampuni London, jina lake Tanganyika Concessions Limited. Jina lilitoka kwa ziwa letu Tanganyika, juu wazo la mwanzo lilikuwa kutafuta madini kule kusini mwa ziwa, upande wa Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Utajiri wenyewe ulikuja kupatikana mbali sana na ziwa, lakini jina likabaki. Watu wa soko la London waliona jina ni refu, wakalikata. Wakaita hisa zake Tanks.

Mashimo yaliyokuwa tayari

Williams mwenyewe hakuwa mwenye kuzunguka porini. Alimtuma George Grey, kijana wa familia kubwa ya Uingereza. Mwaka wa 1899 Grey alifika Kansanshi, karibu na mpaka, na akakuta mashimo ya zamani ya mukuba. Upande wa pili wa mpaka, Katanga, yalikuwa mengi zaidi.

Hapa lazima jambo liwe wazi. Grey hakuvumbua mukuba wa Katanga. Basanga walikuwa wanauchimba na kuuyeyusha tangu zamani, na misalaba ya mukuba ilikuwa ni feza katika sehemu hizi zote. Mfalme Msiri wa Bayeke alijenga utawala wake juu ya biashara ya mukuba, pembe na watumwa, paka alipouawa tarehe 20 mwezi wa 12, 1891, na watu wa safari iliyotumwa kwa jina la Leopold wa Pili. Mwaka uliofuata, Mbelgiji Jules Cornet alitembea Katanga na kuandika habari za mawe yake. Wazungu walifuata mashimo ya babu zetu, na kila penye shimo la zamani wakapiga alama.

Mwezi wa 12, 1900, Williams akafanya mapatano na Comité Spécial du Katanga, ofisi iliyokuwa inashika ardhi ya Katanga kwa ajili ya utawala wa Leopold na kampuni moja ya Wabelgiji. Mapatano yalikuwa hivi: Tanganyika Concessions italipa feza za kutafuta madini, na faida itagawanywa, 60 kwa mia kwa Comité, 40 kwa mia kwa watu wa Williams. Hakuna mufalme, hakuna chifu, hakuna mfua shaba aliyeandikwa katika ile karatasi.

Grey akavuka mpaka na watu wake. Kambove, Étoile, Likasi, majina yakaingia mu ripoti. Na Kolwezi pia, hata kama mji wenyewe haukuwapo bado: kule Ruwe, ndiyo Mutoshi ya leo, walipata zahabu, na kampuni ikaanza kuichimba mapema kuliko mukuba. Grey mwenyewe hakufika uzee. Mwaka wa 1911 simba alimuua huko Kenya.

Karatasi zinauzwa namna gani

Sasa, kutafuta madini kunakula feza, na Williams hakuwa na feza za kutosha mfukoni. Alizipata kwa kuuza hisa.

Kwetu kila mtu anajua likelemba. Watu kumi wanachanga, kila mwezi mmoja anakula. Kampuni ya hisa inafanana kidogo, lakini tofauti ni kubwa. Katika likelemba unamjua kila mwenzako kwa uso. Katika hisa, unanunua kipande cha kampuni pamoja na maelfu ya watu usiowajua. Kampuni ikipata faida, unaweza kugawiwa. Ikianguka, unapoteza ile uliyotia, lakini hawakuji kuchukua nyumba yako. Na ukichoka kungojea, unamuuzia mwingine kipande chako, kwa bei ambayo yeye atakubali siku ile.

Ni ile bei ya siku ndiyo iliyofanya watu wa London wasilale. Mbele ya hapo, mwaka wa 1895, hisa za zahabu ya Afrika ya Kusini zilipanda sana, hata watu wadogo wakaingia mbio, kisha zikaanguka na wengi wakalia. Walionunua hawakuwa matajiri peke yao. Hata wafanyakazi wa ofisi, wajane na askari wenye pensheni walitia akiba yao.

Habari ndiyo ilikuwa inapandisha ao kushusha. Lakini habari ya Katanga ilikuwa inakawia. Hapakuwa reli wala simu. Barua ilitembea kwa miguu ya watarishi paka penye telegrafu. Kwa hiyo kati ya ripoti moja na nyingine, London ilijaa uvumi. Mwenye kusikia kwanza alinunua kwanza, na mwenye kusikia nyuma alinunua kwa bei ya juu.

Williams alijua jambo hilo. Katika mikutano ya wenye hisa alisimama na kueleza marefu: mukuba ni mwingi, reli inakuja, mungojee. Magazeti ya biashara yalichapa maneno ya mikutano ya namna ile, na mtu aliyekaa Scotland alisoma habari za Kambove akinywa chai. Mgodi ulikuwa bado pori, lakini karatasi yake ilikuwa imeuzwa na kuuzwa tena.

Kwa nini watu waliogopa? Kwa sababu mwezi ule ule wa 12, 1900, Williams alipofanya mapatano juu ya Katanga, kampuni nyingine ya London, London and Globe ya Whitaker Wright, ilianguka. Wright naye alikuwa mtu wa migodi, ya Australia, na naye aliingiza feza za watu katika reli, ile ya chini ya ardhi ya London. Alikuwa amepamba hesabu za kampuni zake ili zionekane nzuri. Mwezi wa kwanza 1904 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 7, na siku ile ile, akiwa bado katika jengo la mahakama, akanywa sumu. Mwenye hisa mdogo angejua namna gani kama Williams si Wright mwingine? Wote wawili walisema vizuri. Tofauti ilikuwa chini ya ardhi, na kule mwenye hisa hakuweza kuona.

Reli yenye kula feza

Williams alikuwa na shida moja kubwa. Mukuba ulikuwa katikati ya Afrika, na bahari iko mbali. Mwaka wa 1902 Ureno ikamupa ruhusa ya kujenga reli kutoka Lobito, Angola, kwa miaka 99. Kampuni yake ikashika 90 kwa mia ya hisa, serikali ya Ureno 10 kwa mia. Kazi ikaanza 1903.

Ile reli ikawa mzigo. Milima karibu na bahari, ukosefu wa maji, kisha vita ya 1914, vyote vilisimamisha kazi. Kila mara feza zilipokwisha, Williams alipaswa kutafuta zingine, na mara nyingi zilitoka kwa watu wale wale. Reli ilifika mpaka wa Congo paka miaka ya mwisho ya 1920, na mwaka wa 1931 ndipo iliungana na reli ya Katanga. Zaidi ya kilomita 1,300 za Angola zilichukua karibu miaka 30. Na mwaka ule bei ya mukuba ilikuwa imeanguka dunia nzima. Mtu aliyenunua hisa akiwa kijana juu ya reli ile, aliona treni akiwa na mvi.

Mgodi wenyewe haukungojea reli ya Lobito. Tarehe 28 mwezi wa 10, 1906, ilizaliwa Union Minière du Haut-Katanga. Waliounda ni Comité Spécial, Société Générale ya Bruxelles na Tanganyika Concessions. Reli ya kusini ilifika Élisabethville mwaka wa 1910, na mwaka uliofuata tanuru ya Lubumbashi ikatoa mukuba wa kwanza, chini ya tani 1,000. Mwaka wa 1917 ilikuwa zaidi ya tani 27,000. Mwaka wa 1915 mtafuta madini Robert Sharp, aliyekuwa mtu wa kampuni ya Williams, akapata Shinkolobwe, mgodi wa uranium uliokuja kutumiwa na Marekani katika bomu za 1945.

Wenye kulipa bila karatasi

Mwenye hisa wa London alitia feza. Kuko wengine waliotia maisha.

Union Minière ilikosa watu wa kazi, na kampuni nyingine ya Williams, Robert Williams and Company, ndiyo iliyokuwa inawaandika na kuwaleta wafanyakazi, wengi kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Katika miaka ya kwanza vifo vya kambini vilikuwa vingi: kuhara, nimonia, kisha mafua makubwa ya 1918. Paka mwisho wa miaka ya 1920 ndipo Union Minière iliacha kutegemea watu wa mkataba mfupi, ikaanza kuwaweka wafanyakazi pamoja na bibi na watoto wao.

Kila mfanyakazi alikuwa na kitambulisho na namba. London pia kila mwenye hisa alikuwa ameandikwa katika kitabu. Vitabu viwili, mukuba mmoja. Mwenye kuandikwa katika kitabu cha kwanza alipata mshahara na posho paka siku ya kuondoka. Mwenye kuandikwa katika cha pili aliweza kuwaachia watoto wake.

Baada yake

Mwaka wa 1928 mfalme wa Uingereza alimupa Williams cheo cha kurithiwa, akawa Sir Robert. Alikufa mwaka wa 1938 kwao Scotland, wakati Union Minière ilikuwa inaanza kujenga mji wa Kolwezi.

Karatasi zake ziliishi kuliko yeye. Congo ilipopata uhuru 1960, Tanganyika Concessions ilikuwa bado na 14,47 kwa mia ya Union Minière, na Comité 18,14 kwa mia. Ndiyo sababu moja Katanga ya Tshombe ilikuwa na marafiki wengi mu ofisi za Ulaya. Tarehe ya kwanza mwezi wa kwanza 1967, Mobutu akachukua mali ya Union Minière, ikawa Gécamines. Reli ya Lobito ilikatwa na vita ya Angola kuanzia 1975, miaka 99 ikaisha 2001, na leo treni zinapita tena zikibeba mukuba wa Kolwezi.

Kwa majirani, mtu wa kawaida ameanza kuzoea mambo ya hisa. Nairobi, mwalimu anaweza kununua kipande cha Nation Media Group, kampuni yenye kuchapa gazeti analosoma, na kubishana juu ya bei yake sawa watu wanavyobishana juu ya mupira. Dar es Salaam na Kigali nako kuko soko. Kwetu Congo halijafunguliwa.

Lakini sheria ya madini ya 2018 inasema mambo matatu ambayo wakati wa Williams hayakuandikwa popote. Serikali inapata 10 kwa mia ya kampuni yenye ruhusa ya kuchimba, bila kulipa na bila sehemu hiyo kupunguzwa. Wakongomani wenyewe, kwa majina yao, wanapaswa kushika angalau 10 kwa mia. Na 0,3 kwa mia ya mauzo ya mwaka inapaswa kurudi kwa jamii zenye kuzunguka mgodi.

Wenye hisa wa Williams walikuwa na haki moja ndogo lakini kubwa: kila mwaka waliitwa mkutanoni, wakasomewa hesabu, wakauliza. Leo mkaaji wa Mutoshi, wa Musonoi ao wa Fungurume naye ana cha kuuliza: ile 10 kwa mia ya Wakongomani imeandikwa kwa majina ya nani, na ile 0,3 ya mwaka uliopita ilijenga nini?