Fan Li, Bwana wa Mabwawa ya Samaki

Yapata miaka 2,500 iliyopita, Uchina ilikuwa imegawanyika katika nchi nyingi zilizopigana daima. Katika nchi ya Yue alikuwako waziri mwenye akili sana, jina lake Fan Li. Mwaka 494 K.K. bwana wake, Mfalme Goujian, alishindwa na nchi jirani ya Wu. Mfalme alipochukuliwa mateka, Fan Li alifuatana naye, wakakaa utumwani miaka mitatu. Waliporudi walijenga nchi yao kwa subira, na mwaka 473 K.K. Yue iliishinda Wu.

Wengine wangalingoja tuzo. Fan Li hakungoja, maana alijua kuwa mfalme wake ni mtu wa kushirikiana naye katika shida, si katika raha. Aliondoka kwa mashua, akamwonya rafiki yake, waziri Wen Zhong, naye akimbie. Wen Zhong alikawia. Mwishowe mfalme alimlazimisha kujiua.

Fan Li alibadili jina, akakaa katika nchi ya Qi, kisha katika mji wa Tao, akifanya biashara. Yasimuliwa kwamba katika miaka 19 alipata utajiri mkubwa mara tatu, na mara mbili aliwagawia rafiki maskini na jamaa zake.

Kiko kitabu kidogo chenye jina lake, ambacho huhesabiwa kuwa cha kwanza duniani juu ya ufugaji wa samaki. Humo twafundishwa kuchimba bwawa na kuacha visiwa tisa vidogo ndani yake, ili samaki wavizunguke wakidhani wamo mtoni. Kisha hutiwa samaki wa maji baridi waitwao karpu, majike 20 na madume manne. Karpu walichaguliwa kwa sababu hawalani, hukua kwa urahisi, na bei yake ni nzuri. Wakiisha kuongezeka, mfugaji asiwauze wote: aweke wakubwa 2,000 wawe mbegu, ndipo auze waliosalia.

Basi, aliyejua saa ya kuondoka katika nyumba ya mfalme ndiye asemwaye kuwa alijua pia kiasi cha kutoa bwawani. Wahenga wetu nao walisema: akiba haiozi. Mwenye kumaliza samaki wake wote leo, kesho atachota maji matupu.