Joseph Thomson na Ukingo wa Msitu wa Ngong

Joseph Thomson alizaliwa Penpont, Uskoti, mwaka wa 1858. Alisomea jiolojia katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, kisha Chama cha Kifalme cha Jiografia kikamteua kuwa msaidizi wa Keith Johnston, mchora ramani aliyeongoza msafara kutoka Dar es Salaam kuelekea maziwa ya bara. Johnston alifariki Behobeho mwezi wa Juni 1879. Thomson, kijana wa miaka 21, akashika uongozi, akafika Nyasa na Tanganyika.

Mwaka wa 1883 alitumwa nchi ya Wamaasai. Jaribio la kwanza lilishindikana, akarudi Taveta. Alifaulu alipoandamana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyezijua njia hizo. Kwa hiyo, ramani iliyobeba jina la Thomson ilitegemea pia maarifa ya Waswahili na Wamaasai. Waliikata nchi ambayo leo ni Kaunti ya Kajiado, wakazipita nyanda za Kaputei, zinazoenea hadi ulipo mji wa Kitengela, wakafika Ngong. Hapo nyika ilikoma, msitu wa Kikuyu ukaanza. Walipiga kambi ukingoni mwake, wakanunua vyakula vya safari ya Naivasha.

Kitabu chake cha mwaka wa 1885, pamoja na ramani zake, ni hazina kwa mtafiti wa misitu. Kinamsaidia kutofautisha mahali palipofyekwa miti, kama pembezoni mwa Ngong, na mahali palipokuwa nyika tangu awali, kama Kaputei. Anayedhani kwamba kila uwanda mtupu ni msitu uliopotea atakosea. Hata hivyo, Thomson alirekodi yaliyoonekana kutoka njia ya msafara na aliyosimuliwa. Pengo katika ramani yake si ushahidi kwamba hapakuwa na miti.

Ramani hizo ziliwafaa pia watawala. Mikataba ya 1904 na 1911 iliwahamisha Wamaasai kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa na Laikipia, nchi alizozipita Thomson.

Alifariki London mwaka wa 1895, akiwa na umri wa miaka 37. Jina lake limebaki katika Kiswahili kwa umbo fupi: swala tomi, mnyama wa nyika, si wa msitu.