Pasteur na Nusu Tuliyoisahau

Pale Dagoretti Corner, Barabara ya Ngong inapokutana na Barabara ya Naivasha, nimezoea kununua maziwa mabichi. Kila ninapouliza kuhusu usafi wake, jawabu huwa moja: yachemshe. Jawabu hilo, waama, tumelirithi kwa Louis Pasteur. Lakini nionavyo mimi, tumerithi nusu tu ya mafunzo yake.

Pasteur alizaliwa mwaka wa 1822 katika mji wa Dole, Ufaransa, mwana wa mtengeneza ngozi. Hakuwa tabibu wa watu wala wa mifugo, bali mwanakemia. Mwaka wa 1857, akiwa Lille, alieleza kuwa maziwa huchacha kwa kazi ya viini vilivyo hai. Katika miaka ya 1860 akathibitisha kuwa joto la kiasi huua viini viharibuvyo mvinyo. Baadaye njia hiyo ikatumiwa kwa maziwa, ikaitwa kwa jina lake. Miaka hiyo haikuwa ya raha. Homa ya matumbo ilimwua binti yake mmoja mwaka wa 1859 na mwingine mwaka wa 1866, naye mwenyewe akapooza upande wa kushoto mwaka wa 1868.

Hata hivyo hakujifungia maabarani. Mwezi wa Mei 1881 alikwenda katika shamba la Pouilly-le-Fort, akachanja kondoo na ng'ombe dhidi ya kimeta mbele ya wakulima na matabibu wa mifugo. Miongoni mwa waliofanya kazi naye alikuwa Edmond Nocard, tabibu wa mifugo, ambaye mwaka wa 1887, pamoja na mwenzake Mollereau, alibainisha kiini kinacholeta ugonjwa wa kiwele. Pasteur aliaga dunia Septemba 1895.

Hiyo ndiyo nusu tuliyoisahau: elimu ya viini ilifika hadi zizini. Moto huua viini, lakini hauondoi usaha wa kiwele kilichovimba. Aidha, mabaki ya viuavijasumu vingi hayatoweki kwa kuchemshwa. Mkulima akimdunga ng'ombe dawa, kisha akauza maziwa kabla ya siku zilizoagizwa kwisha, watoto wetu huinywa dawa hiyo, na viini huzoea kuihimili.

Simlaumu mkulima. Biashara ya maziwa ilipoachiliwa huru mwaka wa 1992, soko lilimfungulia mlango. Lakini tabibu wa mifugo humlipia mwenyewe, na mwenye ng'ombe wawili aghalabu hujinunulia dawa akabahatisha. Ajabu ni kwamba Kabete, wanakofunzwa matabibu hao, si mbali na hapa.

Basi serikali za kaunti, zilizokabidhiwa huduma za mifugo mwaka wa 2013, ziwapeleke matabibu zizini. Nanyi walimu, mnapomfundisha Pasteur, msiishie kwenye sufuria. Wafundisheni wanafunzi pia kuosha mikono na kiwele kabla ya kukama, na kuyachunguza matone ya kwanza.