Maisha ya Thomas Edison, Aliyeingiza Umeme Majumbani

Thomas Alva Edison alizaliwa tarehe 11 Februari, 1847, katika mji mdogo wa Milan, jimbo la Ohio, Marekani. Shuleni alikaa miezi michache tu, kwani mwalimu wake alimhesabu kuwa mtoto mwenye akili zilizovurugika. Mama yake, Nancy, ambaye naye alipata kuwa mwalimu, alimtoa akamfundisha nyumbani. Alimpa kitabu cha sayansi, akamwachia kuyajaribu yaliyomo kwa mikono yake mwenyewe.

Baada ya kuuza magazeti katika gari moshi na kufanya kazi ya telegrafu, Edison alifungua karakana ya utafiti huko Menlo Park, New Jersey, mwaka 1876. Oktoba 1879 yeye na wasaidizi wake walifaulu kuwasha taa ya uzi wa pamba uliochomwa ukawa mkaa, ndani ya chupa iliyoondolewa hewa.

Wengi huishia hapo. Lakini taa peke yake haimfai mtu. Joseph Swan wa Uingereza naye alikuwa ameunda taa ya namna hiyo. Edison alijiuliza umeme utaifikiaje. Kwa hiyo alitengeneza jenereta za kuendeshwa kwa mvuke, waya za kuzikwa chini ya barabara, na mita ya kupima umeme uliotumika. Taa alizifunga sambamba, kila moja na njia yake, ili moja ikizimwa nyingine ziendelee kuwaka. Njiani aliweka waya mwembamba wa risasi, ambao huyeyuka na kukata njia mkondo unapozidi, kabla nyumba haijashika moto. Hiyo ndiyo fyuzi. Tarehe 4 Septemba, 1882, kituo chake cha Pearl Street, New York, kiliwasha taa zipatazo 400.

Hata hivyo, umeme wake ulikwenda upande mmoja tu, kwa volti zipatazo 110, na ulififia kabla ya kufika mbali. George Westinghouse alitumia mkondo geu, ambao transfoma huupandisha volti usafiri mbali, kisha huzishusha karibu na nyumba. Edison aliupiga vita kuwa ni wa hatari, akashindwa. Mtu aliyelelewa kwa kuuliza maswali alikuwa ameacha kuuliza. Alifariki tarehe 18 Oktoba, 1931.

Ndugu mwanachuo, unapofundisha umeme, anzia kwenye taa ambayo mtoto anaiona. Mwongoze aifuate njia kinyumenyume: swichi, fyuzi, mita, nguzo, transfoma, hadi kituo. Majaribio yafanyike kwa betri za tochi, kamwe si kwa umeme wa nyumbani. Na atakayekuuliza maswali mengi usimwite mjinga. Edison alikuwa na mwalimu mwingine nyumbani. Wengi wa watoto utakaowafundisha hawana ila wewe.