Cecil Calvert, Bwana wa Nchi Asiyopata Kuiona

Katika historia ya Waingereza waliovuka bahari kwenda kukaa Amerika, wengi husimuliwa habari za merikebu Mayflower na Wapuritani wa mwaka 1620. Leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu habari za Mkatoliki mmoja, Cecil Calvert, Bwana Baltimore wa pili.

Alizaliwa Kent mwezi wa Agosti 1605. Miezi mitatu baadaye Wakatoliki wachache walikamatwa kwa njama ya kulilipua Bunge pamoja na mfalme wao, na tangu hapo kila Mkatoliki wa Uingereza akatazamwa kama mhaini. Asiyehudhuria ibada za kanisa la serikali alitozwa faini. Padre aliyekamatwa aliweza kunyongwa. Baba yake Cecil, George Calvert, alikuwa waziri wa mfalme. Mwaka 1625 alijitangaza Mkatoliki akaacha kazi. Alijaribu kuanzisha makao huko Newfoundland, lakini baridi na maradhi vikamshinda. Ndipo akaomba nchi nyingine, kaskazini ya Virginia, lakini akafa Aprili 1632, majuma tisa tu kabla ya hati ya mfalme kutiwa muhuri.

Hati ikaandikwa kwa jina la Cecil, kijana wa miaka 26. Nchi iliitwa Maryland, kwa heshima ya Malkia Henrietta Maria, na kodi yake ilikuwa mishale miwili ya wenyeji kila mwaka, pamoja na sehemu ya tano ya dhahabu na fedha itakayopatikana.

Novemba 1633 merikebu mbili, Ark na Dove, zikang'oa nanga zikiwa na watu kama 140. Cecil alitaka kwenda mwenyewe, lakini adui zake London walikuwa wakitafuta njia ya kuibatilisha hati yake. Akabaki kuilinda, akamtuma ndugu yake Leonard awe gavana. Alimpa maagizo ya maandishi: Wakatoliki wasali kwa siri humo merikebuni, wala wasibishane na mtu habari za dini. Wengi wa abiria walikuwa Waprotestanti, na neno moja la ovyo lingeweza kufika London likamvunjia kila kitu.

Tarehe 25 Machi 1634, sikukuu ya Bikira Maria kupashwa habari, Padre Andrew White, Mjesuiti, alisoma Misa katika kisiwa cha Mtakatifu Clement, mtoni Potomac. Wenyeji wa jirani, Wayaocomaco, walikuwa tayari wakijiandaa kuhama kwa kuwahofu Wasusquehannock, wakawapa wageni nyumba na mashamba yao kwa mashoka, majembe na nguo. Biashara ilikwenda kwa amani, na hilo ni jema. Lakini tusisahau kwamba mfalme wa Uingereza alikuwa amekwisha kuitoa nchi ile bila kuwauliza wenyewe.

Jambo moja sisi mapadre hulisoma kwa uchungu kidogo. Mtemi mmoja aliwapa Wajesuiti ardhi, na Cecil akakataa kabisa. Alisema hakuna atakayemiliki ardhi ila kwa kupewa naye, na mapadre nao watii sheria ileile iwapasayo watu wote. Wajesuiti walinung'unika sana, mwishowe wakaiachilia. Tukitazama kwa utulivu twaona kwamba alikuwa na sababu: kama angaliwapa mapadre wake upendeleo, angaliwanyimaje Waprotestanti waliokuwa wengi kudai wao wao?

Mwaka 1645, wakati wa vita baina ya mfalme na Bunge, nahodha Richard Ingle aliiteka nyara Maryland, na Padre White, mzee wa miaka 66, akapelekwa London katika minyororo. Leonard aliirudisha nchi, akafa mwaka 1647. Cecil sasa akamweka Mprotestanti, William Stone, kuwa gavana, na Aprili 1649 baraza la Maryland likapitisha sheria kwamba Mkristo yeyote asiudhiwe kwa ajili ya dini yake. Hata kumwita jirani jina la dharau la kidini kulikuwa na faini ya shilingi 10. Sheria hiyo ilikuwa na mipaka mikali: aliyekana Utatu Mtakatifu alistahili kifo.

Wapuritani, ambao Stone mwenyewe aliwakaribisha walipofukuzwa Virginia, waliifuta mwaka 1654. Tarehe 25 Machi 1655, siku ileile ya Misa ya kwanza, walipigana na watu wa Calvert karibu na mto Severn, wakawashinda, wakawaua mateka wanne. Cecil hakutuma jeshi. Alikwenda kuwashawishi wakubwa wa London, hata mwaka 1657 akarudishiwa nchi na sheria yake.

Amani hiyo haikuwa ya wote. Mwaka 1664 baraza lilelile liliandika kwamba mtu mweusi mtumwa atakuwa mtumwa maisha yake yote, na watoto wake vilevile.

Cecil Calvert alikufa tarehe 30 Novemba 1675, baada ya kuitawala kwa barua, miaka 43, nchi asiyopata kuikanyaga. Mwaka 1689 Waprotestanti waliwapindua watu wa mwanawe. Mwaka 1704 Misa ya hadharani ilipigwa marufuku, na Wakatoliki wa Maryland wakaisikiliza ndani ya nyumba zao mpaka wakati wa vita vya uhuru wa Marekani.